Jeff Chang Alibebwa Usiku Mzima, na Hakuna Msee Alimuuliza Kitu

Kwa bathdei yoyote ya kampo, msee mwenye siku ni yake ndiye hukumbuka kidogo kuliko wote. Wengine ndio hubaki na mapicha, mavideo na story za kuongezea chumvi hadi graduation. Kuna komedi inaitwa "21 & Over", ilitoka Marekani March 2013, na iliichukua hiyo kitu ikaifanya muvi nzima. Mwenye bathdei anazima mapema, halafu maboyz wake wawili wanabaki na mwili wa kubeba na swali moja: huyu msee anaishinga wapi?

Ka uliibuy kwa movie shop enzi za CD ya finje, pengine unakumbuka tu makelele. Icheki tena ukiwa soba. Chini ya hayo matapishi kuna story ingine, na hiyo ndiyo nataka tubonge.

Form ilikuwa bia moja

Casey na Miller wamejuana na Jeff Chang toka high school. Sai kila mtu ako na chuo yake na wamepotezana kiasi. Jeff Chang akigonga 21, hao wawili wanamtokelezea kampo bila kumshow. Wanapata mbuyu wake, Dr. Chang, ashajipanga. Mzee ni daktari, hacheki na mtu, na kesho yake asubuhi kijana ako na intavyuu ya kuingia medical school. Kwa huyo mzee, bathdei ni ya kulala mapema. Maboyz wanambembeleza Jeff Chang: bia moja tu, twende turudi.

Unajua vile hiyo bia moja huisha. Baa ya kwanza anaonyesha kipande na ile raha ya mtu amengoja miaka. Baada ya hapo hesabu inapotea. Anapanda fahali wa mashine, anazungushwa hadi anatapika hewani, na kamera inapunguza spidi ndio usikose hata tone. Anadishi tampon. Akizima kabisa, Casey na Miller wanashtuka hawajui keja yake iko wapi. Ubeshte wa miaka na miaka, na hakuna hata mmoja anajua mlango.

Kutoka hapo ni kuzunguka kampo na msee mabegani. Wanaingia kwa nyumba ya madem wa sorority ya Kilatino, wanafanya ujinga wao huko, na hao madem wanakuja kuwalipa na riba. Wanafika hosteli yenye kila floo iko na gemu yake ya kunywa, na ukitaka kufika juu lazima ushinde floo zote. Wanaingia kwa mabaya ya Randy, chali wa cheerleading mwenye ego haitoshei kwa mlango, na dem wake Nicole ndiye Casey anammezea mate. Kuna nyati. Kuna dubu wa kuchezea amegandishwa kwa Jeff Chang na supaglu, mahali hata daktari mwenyewe ataomba ruhusa kabla aangalie. Na hiyo yote ushaambiwa mapema itaishia wapi, juu muvi inaanza na asubuhi yenyewe: Casey na Miller wanakatiza kampo wakiwa uchi, kila mmoja na soksi moja tu, na hiyo soksi haiko mguuni.

Wenye waliipika

Muvi iliandikwa na kudairektiwa na Jon Lucas na Scott Moore. Hao ndio waliandika "The Hangover" ya 2009, ile ya Las Vegas ilitengeneza doo hadi Hollywood ikaanza kutafuta ulevi kila kona. "21 & Over" ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukalia kiti ya dairekta. Miller ni Miles Teller, yule mwenye mwaka uliofuata aligonga ngoma kwa "Whiplash" hadi vidole zikatoka damu. Casey ni Skylar Astin wa "Pitch Perfect". Jeff Chang ni Justin Chon. Walishoot Seattle, kwa kampasi ya University of Washington, na bajeti yao ilikuwa kama dola milioni 13. Ilirudisha zaidi ya milioni 40 dunia nzima. Makritiki waliichapa bila huruma, lakini mayut walilipa.

Ukiweka hizo muvi mbili pamoja, unaona mahali hawa wasee walijikwaa. "The Hangover" ilikuwa na akili moja kali: ule usiku hukuonyeshwa. Uliamka na lock pamoja na hao wazee, mkaanza kutafuta jino limeenda wapi na chui milia ametoka wapi. Akili yako ndiyo ilifanya kazi ya kuimajini. Kwa "21 & Over" kamera iko on usiku mzima. Kila kitu inaonyeshwa, kila tone, na kitu ikionyeshwa yote huisha utamu haraka. Ndio maana katikati ya muvi unaweza kuskia umechoka, ka yule dereva wa sherehe ambaye hajakunywa.

Bado kuna mahali inabamba kinoma. Miles Teller ako na mdomo ya yule beshte wako mwenye hulipia kidogo na huongea zaidi, mwenye akisema "tulia, nina plan" ndio unajua mko kwa shida. Na ile kuita Jeff Chang majina zote mbili kila saa ni kitu ya ukweli. Kila kampo iko na msee anaitwanga jina lake lote ka amesomwa kwa roll call, na hakuna mtu anakumbuka ilianza aje.

Kwani 21 iko na nini?

Ukiicheki kutoka Nairobi, unaweza kujiuliza hao wasee wanashangilia nini. Huku kipande unachukua na 18, na bouncer akikuuliza umri anataka hiyo tu. Marekani ni story ingine. Ukigonga 18 unaweza kupiga kura na kuingia jeshi ubebe bunduki, lakini ukiitisha bia kwa baa unarudishwa mtaa.

Haikuwanga hivyo kila mahali. 1971 katiba yao ilishusha umri wa kupiga kura hadi 18, na states nyingi zikaona basi hata pombe iteremke. Mayut wakaanza kukufa kwa barabara wakiendesha wakiwa wamewaka. 1980 kuna mathe wa California, Candy Lightner, alipoteza mtoi wake wa miaka 13 juu ya dereva mlevi, akaanzisha chama ya wamama wa kupigana na hiyo kitu, inaitwa MADD. Presha ikapanda hadi Washington. July 1984 Ronald Reagan akasaini sheria yenye ilikuwa na ujanja ndani: serikali kuu haikulazimisha state yoyote kuweka 21, ilisema tu ka hutaki, tunakukata doo ya barabara. Kufikia 1988 states zote zilikuwa zimesalimu amri.

Sasa imajini umekunywa kwa kujificha miaka mitatu, na kipande ya kuforge, halafu usiku mmoja, saa sita ikigonga, kila kitu inakuwa halali. Watu wanaichukulia ka sikukuu. Kuna ujinga ya kitambo huko ya kunywa shoti 21 juu umegonga 21. Hiyo ndiyo gia ya hii muvi. Jeff Chang hakunywa vile juu ana kiu. Alikuwa anatimiza kitu yenye nchi nzima ilimwambia angoje.

Sisi huku bathdei ya kampo ni maji. Unatoka lekcha ukijua mko sawa, unaskia beseni nyuma yako. Ukiwa na bahati mbaya ni maji, unga na matope, na kuna mtu anashikilia simu. Mzinga hufuata jioni kwa keja ya mtu, Juja ama Wendani, doo zikiwa zimechangwa na wasee wanaongojea HELB. Saa za baa zenyewe zilifungwa kamba na ile sheria ya pombe ya 2010, ile watu waliibandika jina ya Mututho. Na 2025 serikali ilitoa sera mpya ya NACADA yenye inasema umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21. Mtaani ilichekwa sana. Lakini ka unataka kujua 21 hufanya nini kwa akili ya msee wa miaka 20, uliza Jeff Chang. Sheria inaweza kupunguza vifo barabarani na bado ikageuza siku moja kuwa bomu.

Mahali kicheko inakatika

Wakiendelea kutafuta keja, Casey na Miller wanaanza kukutana na watu wenye wanamjua Jeff Chang wa sai. Kila mlango unawapa kipande ya mtu hawamjui. Marks zimeenda chini. Karao washamshika. Kuna bastola kwa hii story, na maboyz wanaanza kuogopa kwamba beshte yao alitaka kujimaliza. Huyu ndiye msee wamekuwa wakimbeba, wakimwangusha na kumvalisha sidiria usiku mzima wakicheka.

Hapo ndipo muvi ilikuwa na kitu mkononi. Wasee wawili walisafiri kuja kusherehekea mtu, na hawakuwa wanajua hata kitu moja kumhusu. Miller mwenyewe ashaacha chuo na amewaficha. Casey amejipangia maisha hadi hana nafasi ya rafiki ndani. Kila mmoja alikuja na ile picha ya high school, na pombe ndiyo ilisaidia wasiifute.

Shida ni kwamba Lucas na Moore wanaogopa kukaa hapo. Wanaiskia ile uzito, wanakaa dakika kadhaa, halafu wanarudi kwa mieleka na madem. Na kuna kitu mbaya zaidi. Kwa saa nzima Jeff Chang, mwenye bathdei, mwenye uchungu, ndiye ana laini chache kuliko wote. Hao wazungu wawili ndio wanaongea, wanakosana, wanasameheana. Chali wa Kiesia amegeuzwa mzigo, na mbuyu wake amekatwa kwa ile karatasi ya kitambo ya mzazi wa Kiesia mkali mwenye anataka daktari. Madem wa Kilatino nao wamepewa hasira na mwiko wa kuchapa watu, basi. Hizo utani zilikuwa zimechacha hata 2013.

Lakini hiyo beef ya Jeff Chang na mbuyu wake, Mkenya yeyote aliyengojea resalti za KCSE anaielewa bila tafsiri. Mzee ashaambia kanisa na chama kwamba kijana ataingia medicine. Mathe ashaanza kukuita dakitari ukiosha vyombo. Unaingia first year ukibeba ndoto ya mtu mwingine, na ukifeli anatomy unaogopa kurudi nyumbani kuliko unavyoogopa supu. Na hiyo ndoto yenyewe iko na bei: 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, na mshahara ya maintern ndiyo ilikuwa kati ya beef kubwa. Bado kwa meza ya mbuyu hakuna jina tamu kuliko Daktari.

Muvi moja, adhabu mbili

Sasa skia hii, juu ndiyo kitu inanifurahisha zaidi kuhusu hii muvi. Relativity Media, kampuni yenye iliitoa, ilikuwa na wabia China na ilitaka soko ya huko. So kukatengenezwa version ingine. Kwa hiyo ya China, Jeff Chang anatoka China kwenda Marekani kusoma, anapotezwa na sherehe za wazungu, halafu anarudi nyumbani amenyooka. Vipande zake zilishootiwa 2011 huko Linyi, jimbo la Shandong.

Hiyo Linyi ilileta ngori yake. Wakati huo ndio Chen Guangcheng, wakili asiyeona mwenye alikuwa amepigania wanawake waliolazimishwa kutoa mimba, alikuwa amefungiwa nyumbani kwake kijijini hapo karibu. Watetezi wa haki wakauliza Hollywood imefuata nini huko, na waliuliza kwa sauti. Chen alikuja kuhepa April 2012, akafika ubalozi wa Marekani Beijing. Komedi ya matapishi ikajipata kwa siasa ambayo hakuna mtu aliiandika kwa skripti.

Weka hiyo kando, rudi kwa story. Usiku ni ule ule, pombe ni ile ile. Kwa version ya Marekani, Jeff Chang anaamka na kumwambia mbuyu wake ukweli: hataki hiyo maisha. Mtoto anashinda. Kwa version ya China, sherehe ndiyo ilikuwa ugonjwa na nyumbani ndiyo dawa. Mzazi anashinda. Waliuza kila soko kile inapenda kuskia kuhusu watoi wake.

Na huku kwetu tunataka ending gani? Naskia tunataka zote mbili. Tunataka msee amwambie mbuyu ukweli, halafu bado arudi nyumbani Krisi apewe kuku. Hiyo version haijashootiwa. Na pengine ndiyo ngumu kuandika kuliko zote, juu inahitaji mzee na kijana wakae kwa meza moja na waongee bila mtu kuzima.

Jeff Chang wa ukweli

Kuna kitu ya kuchekesha imejificha kwa CV za hawa wasee. Kwa "The Hangover", yule jamaa mfupi anatoka uchi kwa buti ya gari, Mr. Chow, ni Ken Jeong. Ken Jeong ni daktari. Alisoma medicine University of North Carolina, akafanya kazi ya hospitali, usiku anapiga stand-up, na mwishowe akaacha koti nyeupe akachagua komedi. Kumaanisha Lucas na Moore walikuwa washafanya kazi na mtu ambaye maisha yake ndiyo hiyo muvi ingine walikuja kuiandika. Na ukweli ulikuwa tofauti na skripti: Ken Jeong alimaliza medicine kwanza. Hakuamka asubuhi moja na lock akatupa stethoskopu.

Justin Chon naye alichoka kungoja laini. 2017 alijiandikia na kujidairektia "Gook", muvi ya black and white kuhusu ndugu wawili Wakorea-Wamarekani wenye wako na duka ya viatu Los Angeles wakati wa zile fujo za 1992. Kwa hiyo muvi alimpatia mbuyu wake mwenyewe, mwenye alikuwa mwigizaji mtoto huko Korea, sehemu ya kuigiza. Ilishinda tuzo ya mashabiki Sundance. 2021 akapeleka "Blue Bayou" Cannes. Yule msee alibebwa mabegani muvi nzima ndiye alikuja kuwa na kitu ya kusema kuliko wengi kwa ile seti.

Ka beshte yako amezima kiukweli

Kwa muvi, Jeff Chang anazima na kuamka, anazima na kuamka, hadi asubuhi anasimama mbele ya mbuyu wake. Usiichukue hiyo ka sayansi. 1998 kijana wa Michigan State University alikunywa shoti 24 usiku wa bathdei yake ya 21, mabeshte wakamlaza, na hakuamka. Wazazi wake walianza kutumia wanafunzi kadi za bathdei wakigonga 21, za kuwaambia wajichunge. Kadi ya bathdei kutoka kwa mzazi aliyezika mtoi wake. Hakuna mwandishi wa komedi anaweza kuweka punchline hapo.

So sherehekea, lakini jua rada. Msee akizima, mlaze ubavu, usimwache chali, na usimwache peke yake. Hiyo story ya "acha alale itaisha" ndiyo huua, juu pombe yenye iko tumboni bado inaendelea kuingia kwa damu. Ka hawezi kuamshwa, anapumua polepole ama kwa kuruka, ama midomo imegeuka rangi, ni hospitali, na ni sasa. Kahawa haisaidii. Na tafadhali, beseni la maji baridi liache hapo liko. Maji ni ya msee ako macho na anaweza kukimbia.

Na ka unaskia beshte anaanza kubonga ka mtu amechoka kuishi, usimnunulie ingine ndio asahau. Kaa naye. Kenya Red Cross wako na 1199, hulipi kitu.

Je, uicheki? Icheki, lakini na maboyz wale mmejuana kitambo mkapotezana, na muwache kucheka ile dakika story ya bastola inaingia. Halafu bathdei ya nani wenu ikifika, kabla mzinga ufunguliwe, mtu amuulize mwenye siku: shule inaendaje, kiukweli? Akianza kuzungukazunguka, hiyo mzinga inaweza kungoja. Haitaharibika.